Meli zilizopita nchi kavu: historia ambayo watoto wanaweza kuiona Ujiji na Kigoma

Shule zikifunga kwa likizo, wazazi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika hujiuliza watawapeleka wapi watoto kwa siku moja bila kumaliza pesa ya chakula. Kwa familia zilizoko Kigoma, ziwe za wenyeji au za Wakongomani waliokwisha kuuzoea mji ule, kuna matembezi mawili yanayoweza kufanyika kwa siku moja. La kwanza ni Makumbusho ya Dkt. Livingstone huko Ujiji. La pili ni bandari ya Kigoma, makao ya meli ya kale inayoitwa Liemba. Kutoka Ujiji hadi bandarini ni kilomita chache tu.

Sehemu hizo mbili kwa pamoja zinaeleza historia ya vyombo vya majini katika ziwa ambalo Congo, Tanzania, Burundi na Zambia wanaligawana. Lakini mtoto akiuliza swali rahisi, kwamba meli hizi zilifikaje hapa, jibu lake haliko majini. Kwa reli, kutoka bahari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna mto ambao meli ingeufuata kutoka baharini hadi ziwani. Ndiyo maana vyombo vya chuma na vya injini vya zamani vilipita kwanza nchi kavu, na vilipita kwa sababu kuna watu waliovibeba.

Majina ya makapteni na magavana yameandikwa vitabuni. Majina ya wabebaji ni machache mno. Mzazi anayempeleka mtoto Ujiji au Kigoma anaweza kujaza pengo hilo, akiwa anajua la kusema.

Ujiji, mji ulioachwa na maji

Mgeni anayefika kwenye makumbusho ya Ujiji huona kwanza miembe, kisha mnara wa kumbukumbu. Hapo ndipo panapokumbukwa kuwa Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu za wazungu hao wawili wakisalimiana. Watoto hupenda kupigwa picha karibu nazo.

Jambo ambalo watoto huwa hawalitambui ni kwamba zamani ziwa lilikuwa karibu zaidi na mahali hapo. Leo, ili kufika majini, inabidi mtu ateremke kwa miguu. Sababu yake iko upande wa pili, nchini Congo. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mto Lukuga, unaotoka ziwani pale ulipo mji wa Kalemie leo, akaukuta umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye, mwisho wa miaka ya 1870, maji yalivunja kizuizi hicho na kutoka kwa nguvu kuelekea Lualaba. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa, na ufuo wa Ujiji ukasogea mbali. Kwa hiyo maji yaliyouacha mji huo wa Tanzania yalipita Kalemie, yakaingia mto Congo, yakaishia bahari ya Atlantiki.

Kabla ya meli za mvuke, chombo cha ziwa hili kilikuwa mtumbwi wa gogo moja. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa kwa miti ya misitu ya Ugoma, upande wa magharibi wa ziwa, kisha ikavushwa na kuuzwa Ujiji. Ufundi huo ulikuwa wa wakaaji wa upande wa Congo. Ni kwa mitumbwi kwamba Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa huko kuwa mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Livingstone na Stanley nao walikwenda kwa mtumbwi mwaka 1871, wakayaona maji ya Rusizi yakiingia ziwani kwa macho yao. Wenyeji walikuwa wanajua jambo hilo tangu zamani.

Ujiji ulikuwa pia mji wa biashara mbaya. Watu waliokamatwa Manyema na sehemu nyingine za mashariki ya Congo walivushwa ziwa pamoja na pembe za ndovu, kisha wakatembezwa hadi pwani ya bahari ya Hindi. Mzazi asilifiche jambo hili. Mtoto anayesimama chini ya miembe ya Ujiji amesimama juu ya njia iliyokanyagwa na watu wa kwao, wengine wakiwa wamefungwa.

Mashua mabegani

Stanley aliporudi mwaka 1876 kulizunguka Ziwa Tanganyika, alikuja na mashua yake mwenyewe iitwayo Lady Alice. Ilitengenezwa kwa vipande ili iweze kufunguliwa. Wapagazi waliibeba tangu Bagamoyo, kipande kwa kipande, wakaiunga kila walipofika kwenye maji. Baada ya kuzunguka ziwa, msafara ulivuka kuingia Manyema, na mashua hiyo ikaendelea kubebwa hadi Lualaba.

Mwaka 1885 ikafuata meli ya mvuke ya wamisionari wa London Missionary Society, Good News. Vipande vyake havikupitia Ujiji. Vilipanda kwa njia ya Ziwa Nyasa, vikavuka nchi kavu kati ya maziwa mawili, vikaungwa upande wa kusini wa Tanganyika, katika nchi ya Zambia ya leo. Hapo pia kazi ilikuwa ile ile: chuma mabegani, njia ya vumbi, siku baada ya siku.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesoma kwamba meli fulani ilisafirishwa kwa vipande husoma sentensi moja tu. Aliyebeba kipande hicho alikihesabu kwa vilima na mito.

Vyombo viwili vyenye majina ya wanyama

Historia inayowafurahisha zaidi watoto, na inayowahusu zaidi Wakongomani, ni ya mwaka 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilianza mwaka 1914, na Wajerumani waliokuwa wanatawala Tanganyika walikuwa na nguvu ziwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann ilifika Lukuga na kuipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Del Commune, hata isiweze tena kusafiri. Tangu siku hiyo pwani ya Congo ikawa haina ulinzi majini.

Mwindaji wa tembo, Mwingereza John Lee, alipeleka wazo London: kuleta mashua za injini kutoka Uingereza hadi ziwani kwa kupitia Afrika Kusini na Katanga. Serikali ya Uingereza ikakubali. Mkuu wa msafara akawa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa karibu mita 12. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Ufaransa hutumia kumwita paka na mbwa. Mtoto anayesema Kiswahili atacheka akisikia mashua ya kivita ikiitwa Mimi.

Mashua zilitoka Uingereza mwezi wa Juni 1915 hadi Cape Town. Kutoka hapo zilipanda treni hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zikaendelea hadi Fungurume, ambako reli iliishia. Mbele kulikuwa na pori na milima ya Mitumba kwa zaidi ya kilomita 200 kabla ya kuipata reli nyingine Sankisia.

Sehemu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya maelfu ya watu. Walikata miti, walisawazisha njia, walijenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo na udongo. Matrekta mawili ya mvuke yalivuta mashua, na yaliposhindwa mlimani ng'ombe na watu walifungwa kamba. Matrekta hayo yalikula kuni na kunywa maji bila kushiba, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliletwa kuyabeba kichwani kutoka mbali, ili mtambo wa mvuke upate kuendelea.

Mwisho wa Septemba msafara ulifika Sankisia. Treni ikazipeleka mashua hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na reli tena kuelekea Lukuga. Kabla tu ya Krismasi zikaingia majini. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ambayo ilipewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Ushindi huo umeandikwa mara nyingi. Mapigano mawili yalichukua muda wa saa chache. Kuzifikisha mashua ziwani kulichukua nusu mwaka, na kazi nzito kuliko zote ilifanyika Katanga kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa kama vita hivyo ni vyao. Katika vita vya Afrika Mashariki, Congo ya Wabelgiji peke yake ilitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, ugonjwa na uchovu. Dar es Salaam soko la Kariakoo limebaki na jina linalotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wapagazi wa upande wa Congo hawakupata hata soko la kuwakumbusha.

Meli iliyozama mara mbili

Matembezi ya bandarini Kigoma yanamhusu Liemba. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Baada ya kuungwa kwa majaribio ilifunguliwa, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli mpya hadi Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914 tu.

Wajerumani watatu kutoka kiwandani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliongoza kazi ya kuiunga pamoja na wafanyakazi Waafrika wengi. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, na hakuna chombo cha Wabelgiji au cha Waingereza kilichoweza kuikabili ziwani. Hata Spicer-Simson, baada ya kuizamisha Hedwig, hakuthubutu kuishambulia.

Kilichoiondoa vitani ni nchi kavu. Mwezi wa Julai 1916 askari wa Force Publique, Wakongomani chini ya maofisa Wabelgiji, walikuwa wanakaribia reli. Ndege za Wabelgiji zilizoruka kutoka ufuo wa Congo zilikuwa zimeanza kudondosha mabomu Kigoma. Wajerumani waliamua kuizamisha meli wao wenyewe. Mafundi walipaka injini girisi nyingi zisiliwe na kutu, wakajaza mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa askari kutoka Congo. Mwezi wa Septemba askari hao wakaingia Tabora.

Wabelgiji waliiinua meli baada ya vita na kuileta Kigoma, lakini dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza, waliopewa Tanganyika, waliiinua mwaka 1924. Girisi ya mafundi wale ilikuwa imefanya kazi yake: injini zilifaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba, ambalo wakaaji wa kusini waliliita ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikabadilishwa kwa injini za dizeli.

Kwa miaka mingi Liemba ikawa soko linaloelea kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Sehemu nyingi njiani hazina gati. Meli inasimama mbali, mitumbwi inakuja, watu, dagaa, mananasi na magunia ya mchele vinapandishwa na kushushwa kwa kelele. Baada ya mwaka 2018 safari zilisimama kwa sababu ya uchakavu, na mipango ya matengenezo makubwa ikaanza. Familia inayotaka kuiona kwa karibu yapaswa kuuliza kwanza bandarini, maana bandari ni mahali pa kazi na ina walinzi wake.

Abiria wa mwaka 1997

Kuna sehemu moja ya historia ya Liemba ambayo wazazi wengi wa Uvira, Fizi na Baraka hawahitaji kuisoma. Mwisho wa mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu ya Kusini, maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na mashua za uvuvi hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilianzishwa wakati huo. Wengi walifika na godoro moja, sufuria na watoto.

Mwaka uliofuata, baada ya Mobutu kuondoka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, lilitumia Liemba na meli nyingine, Mwongozo, kuwarudisha watu zaidi ya 75,000. Katika miezi mitano Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Meli iliyojengwa ili kutawala watu na kupigana ikawa inawarudisha watu makwao.

Furaha hiyo haikudumu. Vita vingine vilianza Agosti 1998, na wengi walivuka tena. Tangu mwaka 2005 HCR ilirudisha tena wakimbizi kwa meli, mara hii kupitia Baraka. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Warundi: maelfu yao walikwama kijijini Kagunga, kwenye ufuo mwembamba chini ya mlima, na Liemba ikawahamisha hadi Kigoma, mamia kwa kila safari.

Mtoto aliyepanda Liemba mwaka 1997 akiwa na miaka saba sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Anakumbuka pengine harufu ya mafuta, jua kali juu ya sitaha, mama akihesabu mizigo, na milima ya Uvira ikianza kuonekana. Kumbukumbu hiyo ni historia ya meli sawa na ile ya masanduku 5,000. Tofauti ni kwamba ya masanduku imeandikwa, na hii iko kichwani mwa mtu mmoja mmoja.

Kwa familia zisizoweza kwenda

Si kila familia inaweza kufika Ujiji. Aliyeko Nyarugusu hatoki kambini bila kibali. Aliyehamishwa ndani ya Congo, anayelala kwa jamaa au kwenye darasa la shule, hana nauli ya kuvuka ziwa kwa matembezi. Hata hivyo siku ya mapumziko inaweza kuwa na somo lile lile.

Kalemie, watoto wanaweza kupelekwa mahali Lukuga inapotoka ziwani, waelezwe kwamba hapo ndipo maji ya Ujiji yalipopita. Lubumbashi na Fungurume, waelezwe kwamba mashua za bahari zilipita mjini mwao zikiwa juu ya treni. Uvira na Baraka, waoneshwe gati na ufuo ambako watu walishuka mwaka 1997 na 2005. Kambini, chini ya mti wowote, mzee anaweza kuulizwa maswali machache: Ulivuka mwaka gani? Kwa chombo gani? Nani alikushika mkono? Mlibeba nini, na mliacha nini nyuma? Je, babu yako aliwahi kusimulia juu ya kubeba mizigo ya Wabelgiji?

Mtoto mkubwa anayejua kuandika apewe daftari. Aandike jina la mzee, kijiji chake, mwaka na chombo. Mwenye simu anaweza kurekodi sauti, lakini betri huisha na simu huibiwa. Daftari nalo litunzwe mahali pakavu, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za chanjo. Kwa familia iliyokwisha kuhama mara tatu au nne, karatasi hizo huenda zikawa ndizo pekee zitakazomweleza mjukuu jinsi watu wake walivyofika alipozaliwa.

Waliovuta Mimi na Toutou juu ya Mitumba walikuwa na majina, na hakuna aliyewaandika walipokuwa hai. Waliovuka ziwa mwaka 1996 wengi wao bado wako hai.